Oktoberfest ya Munich: mwongozo kamili wa kupata kiti, kunywa kwa akili na kuielewa sherehe yenyewe

Kiti kwanza, bia baadaye. Kanuni hiyo haijabandikwa langoni, lakini ndiyo inayoamua kama siku yako Oktoberfest, tamasha la bia la Munich, Ujerumani, itakuwa sherehe au matembezi ya kuchungulia mahema ya wenzako. Ndani ya mahema makubwa mhudumu hamletei bia mtu aliyesimama njiani, hata akipunga noti ya euro 100. Ukishapata nafasi kwenye benchi, hata ya kubanana na watu usiowajua, hapo ndipo unapohesabiwa mgeni. Kwa hiyo karibu kila kitu hapa chini, kuanzia tarehe ya kwenda hadi ukubwa wa mkoba, kinaizunguka meza.

Ilikotoka, na kwa nini "Oktoba" huanza Septemba

Tarehe 12 Oktoba 1810, Ludwig, mrithi wa kiti cha ufalme wa Bavaria, alimwoa Therese wa Saxe-Hildburghausen. Siku tano baadaye zikafanyika mbio za farasi kwenye uwanja nje ya lango la Sendling, mjini Munich. Uwanja huo ukapewa jina la bibi harusi: Theresienwiese, yaani mbuga ya Therese. Wenyeji walilikata jina wakabaki na Wiesn, hutamkwa "vizn", na ndilo jina la sherehe midomoni mwao mpaka leo. Ukimsikia mtu wa Munich akisema "Oktoberfest", mara nyingi anaongea na mgeni.

Ilikuwa harusi, lakini ilikuwa siasa pia. Bavaria ilikuwa imekuwa ufalme mwaka 1806 tu, kwa mkono wa Napoleon, ikiwa imeunganisha maeneo yaliyokuwa na watawala tofauti. Walihitajika watu wa pande zote wakae uwanja mmoja na wajione ni taifa moja. Mwaka 1811 yakaongezwa maonyesho ya kilimo: ng'ombe, farasi, mbegu na tuzo kwa wakulima bora. Maonyesho hayo hayajafa. Hufanyika kila baada ya miaka minne kando ya mahema ya bia, na ya mwaka 2024 yalikuwa na mafahali na matrekta kama kawaida. Mbio za farasi zenyewe zilikoma kuwa za kila mwaka mnamo 1938. Bia, ambayo mwanzoni ilikuwa kiburudisho cha pembeni, ikabaki na uwanja.

Kuhusu mwezi, sababu ni baridi. Oktoba inapokolea Munich huwa na ubaridi wa kuuma na giza la mapema, kwa hiyo sherehe ikasogezwa mbele kufuata siku za mwisho za jua. Sasa huanza Jumamosi inayofuata tarehe 15 Septemba na kuisha Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Jumapili hiyo ikiangukia tarehe 1 au 2, huongezwa hadi tarehe 3, sikukuu ya muungano wa Ujerumani. Ndiyo maana miaka mingine ina siku 16 na mingine 17 au 18. Mwaka 2026 ni tarehe 19 Septemba hadi 4 Oktoba.

Bia nayo ina hadithi yake ya majira. Sheria za Bavaria za karne ya 16 zilikataza kupika bia kati ya tarehe 23 Aprili na 29 Septemba, kwa sababu joto la kiangazi liliharibu uchachushaji na moto wa viwandani uliunguza miji. Wapishi wakajifunza kupika bia nzito mwezi Machi na kuilaza kwenye mahandaki ya baridi. Juu ya mahandaki walimwaga kokoto na kupanda miti ya chestinati yenye kivuli kipana. Watu wakaanza kukaa chini ya miti hiyo na kunywea papo hapo, na bustani za bia zikazaliwa hivyo. Vuli ilipofika, mapipa ya Machi yaliyosalia yalipaswa kumalizwa ili kupisha bia mpya ya shayiri na hopsi zilizovunwa. Msimu wa kumaliza ya zamani na kukaribisha mavuno ndio mzizi wa sherehe za bia za vuli kote kusini mwa Ujerumani.

Chagua siku kabla hujachagua ndege

Siku ya ufunguzi inavutia kwenye televisheni kuliko mezani. Saa 6 kamili mchana, ndani ya hema la Schottenhamel, meya wa Munich hupigilia bomba la shaba kwenye pipa la lita 200 kwa nyundo ya mbao, kisha hupaza sauti: "O'zapft is!", yaani limefunguliwa. Desturi hiyo ilianza mwaka 1950 na meya Thomas Wimmer. Watu huhesabu mapigo kama penalti, na rekodi ni mawili. Akipiga upande, bia huruka na kuwalowesha wakubwa waliosimama mbele, na wengi hulisubiri hilo kwa hamu. Gilasi ya kwanza hupewa waziri mkuu wa jimbo la Bavaria. Mizinga 12 hulia nje, na hapo tu ndipo mahema mengine yanaruhusiwa kuuza.

Anayetaka kuiona kwa macho lazima awe mlangoni alfajiri. Milango hufunguliwa saa 3 asubuhi, kwa hiyo utakaa saa tatu mezani bila tone la bia, ukitafuna mkate na kunywa soda. Kama huna moyo huo, simama barabarani uangalie wenye mahema wakielekea uwanjani: kabla ya saa 5 asubuhi wao na viwanda vya bia hupita kwa msafara wa magari ya farasi yaliyobeba mapipa. Kesho yake, Jumapili ya kwanza, saa 4 asubuhi, huanza gwaride la mavazi ya asili, watu wapatao 9,000 wakitembea kilomita 7 katikati ya mji. Kwa maoni yetu hilo ndilo bora kuliko yote, na kulitazama ukiwa kando ya njia ni bure.

Siku za kukwepa, kwa asiye na meza: Jumamosi zote, tarehe 3 Oktoba, na wikiendi ya katikati ambayo wenyeji huiita ya Waitaliano kwa wingi wa magari yanayovuka Alpi. Siku rahisi ni Jumatatu hadi Jumatano, na wiki ya kwanza kuliko ya mwisho. Jumanne ni siku ya familia: michezo mingi hupunguza bei mpaka saa 1 usiku.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Usikae mpaka Julai; miadi ya ubalozini huisha haraka msimu wa kiangazi. Vyumba vya Munich hupanda bei mara mbili au tatu wakati wa Wiesn. Kulala Augsburg, Landshut au Rosenheim na kuja kwa treni ni nafuu, ila angalia treni ya mwisho kabla hujaagiza gilasi ya pili.

Hema lipi?

Kuna mahema makubwa 14 na madogo mengi pembeni. "Hema" ni jina tu: ni majumba ya mbao na turubai yanayojengwa upya kila mwaka, makubwa yakibeba watu maelfu, yakiwa na jiko, jukwaa la bendi na vyoo. Ni viwanda sita tu vya ndani ya Munich vinavyoruhusiwa kuuza bia yao humo: Augustiner, Hacker-Pschorr, Hofbräu, Löwenbräu, Paulaner na Spaten. Tangu 2022 jina la bia ya Oktoberfest ya Munich linalindwa na Umoja wa Ulaya, kama jibini na mvinyo wa mahali maalumu.

Anayetaka wenyeji na bia kutoka mapipa ya mbao aende Augustiner. Hofbräu hujaa wageni wa kutoka nje, na lina sehemu ya kusimama ambako unaweza kupata bia bila kiti; huo ndio mlango wa dharura wa kanuni yetu. Schottenhamel ni la vijana. Hacker lina dari lililochorwa mawingu na anga la buluu. Fischer-Vroni ni la samaki, Ochsenbraterei la ng'ombe mzima anayezunguka juu ya moto, na Weinzelt la mvinyo. Mwenye watoto au wazee, au anayependa muziki wa shaba bila kupigiwa kelele, aende eneo la Oide Wiesn, Wiesn ya kale, lililoanzishwa 2010 kwa maadhimisho ya miaka 200. Kiingilio chake ni kidogo, na ndani yake utakuta densi za kienyeji na michezo ya zamani.

Kupata meza: njia mbili

Kuingia uwanjani ni bure, na kuingia hemani ni bure. Yeyote anayekuuzia "tiketi ya Oktoberfest" anakuuzia hewa.

Njia ya kwanza ni kuweka meza. Huwekwa moja kwa moja kwa mwenye hema, kupitia tovuti ya hema lenyewe. Hakuna ofisi moja inayouza ya mahema yote. Maombi hufunguliwa kuanzia majira ya baridi na mapema ya machipuko, kila hema kwa tarehe yake. Meza ni ya watu 10, na huwezi kukodi nusu meza. Meza yenyewe haina bei. Unachonunua mapema ni vocha za chakula na bia, kwa kawaida Maß mbili, yaani gilasi mbili za bia za lita moja, pamoja na nusu kuku, kwa kila mtu. Vocha ambazo hazikutumika mara nyingi zinaweza kutumika baadaye mjini, kwenye mkahawa wa mwenye hema, kwa hiyo usizitupe. Mkiwa watano, tafuteni wengine watano au nendeni njia ya pili.

Jihadhari na wachuuzi wa mtandaoni wanaouza meza kwa mamia ya euro kila kiti. Wenye mahema hawazitambui biashara hizo, na wakigundua hufuta meza yote. Utafika na karatasi nzuri yenye mhuri, na meza yako wamekaa watu wa Stuttgart.

Njia ya pili ni kwenda bila kuweka, na hufanikiwa zaidi ya watu wanavyodhani. Jiji huyalazimisha mahema kuacha sehemu ya viti wazi kila siku. Siku za kazi bia huanza saa 4 asubuhi. Wikiendi na sikukuu saa 3. Fika Jumatatu au Jumanne kabla ya saa 8 mchana mkiwa wawili au watatu, na mtakaa. Jumamosi uwe mlangoni kabla hapajafunguliwa.

Ukiingia, soma vibao vya mezani. Meza iliyowekwa huwa na saa yake, kwa mfano kuanzia saa 11 jioni. Mpaka saa hiyo ni yako kama ya mtu yeyote; wenye nayo wakija, unaondoka bila ubishi. Kwenye meza isiyo na kibao yenye nafasi, simama kwenye kona uulize: "Ist hier noch frei?", bado pana nafasi? Karibu kila mara watasogea. Usikae kwanza ndipo uulize. Kundi la watu wanane linalosimama likitafuta meza tupu halitapata, gawanyikeni.

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kutoka kwenda kuvuta sigara au kupiga picha ya bembea. Hema likijaa, milango hufungwa na kibao huwekwa, na walinzi hawajali kwamba koti lako liko ndani. Mmoja abaki mezani siku zote, na uulize mlinzi kabla hujavuka mlango. (Ndani ya mahema sigara imepigwa marufuku, na bangi uwanja mzima.)

Mkoba, njia na mavazi

Uwanja una uzio na ukaguzi. Mkoba usizidi lita 3, yaani takriban sentimita 20 kwa 15 kwa 10. Mkoba wa mgongoni hata mdogo hurudishwa. Kuna mahali pa kuhifadhi mizigo kwa malipo, lakini foleni yake inaweza kukugharimu kiti. Chukua simu, kitambulisho, kadi, na fedha taslimu ya noti ndogo. Ongeza koti jepesi: mchana unaweza kuwa na jua la nyuzi 20 na usiku ukashuka chini ya 10.

Kituo cha treni ya chini kwa chini kinachoitwa Theresienwiese, njia za U4 na U5, kinakutoa mlangoni hasa, na kwa sababu hiyo hufurika na wakati mwingine hufungwa. Shuka Goetheplatz au Poccistraße kwa U3 na U6, au kituo cha Hackerbrücke kwa treni za S-Bahn. Kutoka stesheni kuu ni mwendo wa robo saa hadi dakika 20 kwa miguu. Wafuate waliovaa suruali za ngozi.

Mavazi ya asili si lazima. Mgeni akivaa vizuri hakuna anayeudhika, tofauti na wengi wanavyohofia. Kinachochekesha ni nguo za maigizo: kofia ya sufu yenye kuku wa plastiki, au gauni la nailoni linaloishia mapajani. Gauni la dirndl lifike goti, na aproni yake ina lugha. Fundo kushoto kwa mvaaji: hana mwenza. Kulia: ana mwenza. Nyuma: mjane, au ni mhudumu aliye kazini. Ni desturi ya juzi tu, lakini watu huisoma, kwa hiyo funga kwa kujua. Wanaume huvaa lederhosen, suruali ya ngozi, pamoja na shati la kawaida na soksi nzito za sufu. Ngozi halisi ni ghali. Maduka ya mitumba ya Munich ndiyo msaada, na suruali iliyochakaa kidogo ina heshima kuliko mpya inayong'aa.

Mezani

Bia huja kwa kipimo kimoja: Maß, gilasi nzito ya lita moja yenye mpini. Tupu ina uzito wa takriban kilo 1.3, ikijaa inapita 2.3. Mhudumu anayebeba kumi kifuani ana zaidi ya kilo 23 mikononi, na hasimami. Ukimsikia akipiga kelele nyuma yako, pisha.

Agiza kwa kuonyesha vidole, ukianza na kidole gumba, maana Mjerumani huhesabu gumba kuwa moja. Ukiinua kidole cha shahada peke yake unaweza kuletewa mbili. Lipa gilasi inapotua. Mhudumu ameshalipia bia hiyo mwenyewe kaunta kabla ya kuitoa, kwa hiyo deni lako ni la mfukoni mwake. Mwaka 2025 Maß iliuzwa kati ya euro 14.50 na 15.80. Bei ikiwa 15.20, mpe 17 na useme "stimmt so", chenji ni yako. Ukimpa senti kamili mara ya kwanza, raundi ya pili utaisubiri mpaka povu la wenzako likauke.

Angalia mstari uliochorwa karibu na ukingo wa gilasi. Bia, si povu, inapaswa kuufikia. Subiri povu litulie. Ikiwa imepungua kwa vidole viwili, omba waongeze kwa neno moja, "nachschenken", wakati hujanywa bado. Ukishaonja, umekubali.

Kushika: pitisha vidole vinne ndani ya mpini mpaka kiganja kiguse gilasi, gumba likae juu. Ukiishika kwa mpini peke yake kama kikombe cha chai, kiwiko kitauma ndani ya nusu saa. Bendi ikipiga wimbo mfupi wa kutakiana heri, na huupiga mara nyingi mno, meza yote huinua. Gonganisha sehemu ya chini ya gilasi, kwenye kioo kinene, kamwe si ukingo, kwa kuwa ukingo hupasuka na vipande huishia ndani ya bia. Mtazame mwenzako machoni, sema "Prost", kunywa, kisha rudisha gilasi mezani. Anayegonganisha na kuirudisha bila kunywa ameharibu adabu.

Mpaka saa 12 jioni bendi hupiga muziki wa kienyeji, na sauti isizidi desibeli 85. Sharti hilo liliwekwa 2005 ili wazee na familia wasifukuzwe na makelele. Baada ya hapo ni nyimbo za pop na watu husimama. Simama kwenye benchi upendavyo. Ukipanda mezani utatolewa nje. Kuuza bia huisha saa 4:30 usiku na mahema mengi hufungwa saa 5:30.

Hesabu ya bia

Hapa ndipo watu huanguka, kihalisi. Bia ya Wiesn hupikwa kwa kimea kingi kuliko ya kila siku na ina kilevi cha takriban asilimia 6. Lita moja ina mililita 60 za kilevi kitupu. Chupa ya nusu lita yenye asilimia 5 ina 25. Kwa hiyo Maß moja ni karibu chupa mbili na nusu, na Maß mbili ni karibu tano. Tatizo ni kwamba ina utamu wa kimea na haichomi, na ikipoteza ubaridi haina hamu tena, kwa hiyo watu huimaliza kabla haijapata joto.

Kipimo cha busara: Maß moja kwa saa mbili, chakula kizito katikati ya ya kwanza na ya pili, maji kila baada ya gilasi. Ya tatu ni kwa aliyeizoea. Radler, nusu bia nusu soda ya limau, hupunguza makali lakini si kinywaji cha asiyekunywa pombe. Kwa huyo kuna Spezi, mchanganyiko wa kola na soda ya chungwa, na Apfelschorle, juisi ya tofaa yenye maji ya gesi. Bia "isiyo na kilevi" nayo huweza kuwa na hadi asilimia 0.5, anayejizuia kwa sababu ya dini ajue hilo. Hakuna atakayekuuliza kwa nini unakunywa Spezi, mradi una kiti na gilasi ya kuinua.

Cha kula

Mlo wa kwanza kuujua ni Hendl, nusu kuku wa kuchomwa aliyepakwa siagi na kujazwa kotimiri. Kwa mikono inaruhusiwa. Steckerlfisch ni samaki mzima, mara nyingi makrili, aliyechomekwa kijiti na kubanikwa kando ya makaa. Mtu wa pwani ataona ni ndugu wa samaki wa Forodhani, ila huku hufungwa kwenye karatasi na huliwa na mkate mkubwa wa Brezn. Nguruwe yumo kwenye sahani nyingi, hata kwenye mchuzi na wakati mwingine kwenye mafuta ya mkate, kwa hiyo uliza: "Ist da Schwein drin?" Kuku si wa halali isipokuwa wauzaji waseme hivyo, samaki ndiye kimbilio.

Weißwurst, soseji nyeupe ya ndama na nguruwe, huliwa asubuhi, kabla kengele ya mchana haijalia. Huletwa ndani ya bakuli la maji ya moto. Toa moja, ipasue kwa urefu bila kufika chini, bandua ngozi kwa kisu, chovya nyama kwenye haradali tamu. Ngozi hailiwi. Na haikaangwi kamwe.

Obatzda, jibini la kupondwa, unaweza kuitengeneza nyumbani. Ponda kwa uma gramu 250 za jibini la camembert lililoiva na gramu 80 za siagi laini, ongeza kijiko kidogo cha paprika tamu, chumvi, pilipili manga na vijiko viwili au vitatu vya bia. Yote yawe yametoka friji saa moja kabla. Jibini la baridi hubaki mabonge. Kitunguu kilichokatwa pete weka juu wakati wa kula tu, maana kikilala ndani usiku mmoja huchacha na kufanya yote kuwa chungu.

Watoto, usalama na yanayokwenda kombo

Mchana watoto wanakaribishwa. Walio chini ya miaka 6 lazima watoke kwenye mahema makubwa saa 2 usiku, hata wakiwa na wazazi. Vigari vya watoto haviruhusiwi uwanjani Jumamosi na tarehe 3 Oktoba, na siku nyingine baada ya saa 12 jioni. Bia huuzwa kwa aliyefikisha miaka 16, pombe kali 18.

Gilasi si zawadi. Kuondoka nayo ni wizi, na walinzi wa mlangoni hunyang'anya maelfu kila mwaka. Dukani zinauzwa zikiwa na alama ya kuonyesha umelipa. Kuendesha skuta ya umeme baada ya bia huhesabiwa kama kuendesha gari: kikomo ni kilevi 0.5 kwa elfu moja ya damu, na leseni zinapotea hivyo. Nyuma ya mahema, chini ya sanamu ya Bavaria, kuna mteremko wa nyasi ambako walioshindwa hulala. Usilale hapo, kwa kuwa wezi wa mifukoni wanaufahamu vizuri. Kituo cha huduma kina matabibu, polisi, vitu vilivyopotea, na chumba maalumu cha wanawake na wasichana wanaojisikia hawako salama au waliopotezana na wenzao. Panga mahali pa kukutana mapema, miguuni pa sanamu panafaa, kwa sababu mtandao wa simu huzidiwa.

Karibu na lango kuu kuna kumbukumbu ya tarehe 26 Septemba 1980, bomu la mtu wa mrengo mkali wa kulia lilipoua watu 13, mwenyewe akiwamo, na kujeruhi zaidi ya 200. Si mahali pa kusimamia ukisubiri wenzako na kucheka.

Si Munich peke yake

Anayeikimbia misongamano aende Stuttgart, kwenye Cannstatter Volksfest, ambayo kwa sehemu kubwa hufanyika kipindi kilekile. Chanzo chake ni njaa. Volkano ya Tambora, Indonesia, ililipuka Aprili 1815, majivu yakafunika jua, na mwaka 1816 mazao yakaoza shambani Württemberg. Mavuno yaliporudi, Mfalme Wilhelm wa Kwanza na malkia wake Katharina walianzisha sherehe ya wakulima mwaka 1818. Mpaka leo katikati ya uwanja husimamishwa mnara wa matunda, mita 26, uliopambwa kwa mazao. Meza ni rahisi kupatikana kuliko Munich.

Na kama una siku moja zaidi, panda milimani. Kati ya katikati ya Septemba na mapema Oktoba, vijiji vya Alpi huteremsha ng'ombe waliokaa malishoni kiangazi chote. Sherehe hiyo huitwa Almabtrieb, na upande wa Allgäu Viehscheid. Wachungaji hutembea mbele, kengele kubwa kama ndoo zikining'inia shingoni mwa ng'ombe, na ng'ombe anayeongoza amevikwa taji la maua, matawi ya msonobari na kioo kidogo. Fika saa 3 au 4 asubuhi, simama nyuma ya kamba, usiwaguse. Bia na mkate vipo kwenye hema la kijiji wakishafika. Kundi likiteremka bila taji, usiwaulize wachungaji kwa kelele. Mwaka huo kuna mnyama, au mtu, aliyefia mlimani.